Rangi kwenye Kibanda cha Jenereta

Kitu cha kwanza nilichokabidhiwa kazini kilikuwa kasha tupu la majani ya chai. Nilikuwa nimetoka chuoni Mombasa, cheti changu kimo ndani ya bahasha, sketi nimeipiga pasi mara mbili, nikitarajia kupewa meza na mita ya kupimia umeme. Fundi Lali alilisukuma kasha kwa mguu hadi mbele yangu akasema, "Limenye." Makasha yale ya mbao yalibandikwa karatasi ya alumini kwa ndani, nyembamba sana, ili chai isiingiwe na unyevu melini. Kazi yangu ya siku nzima ikawa kuibandua bila kuichana. Niliichana. Nikapewa kasha la pili.

Nimestaafu juzi tu, na ninyi mlioniaga kwa soda na keki mliniomba niwaandikie tulivyokuwa tukifanya kazi zamani. Habari za vyeo sitaandika, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara nao nauacha kwa sababu hiyohiyo. Nitaandika habari za makelele. Vitabu vyenu vinasema mwingiliano wa mawimbi ya sumakuumeme. Sisi pale karakanani Malindi, miaka ya themanini, tulisema makelele, na kazi ya kuyazuia tuliiita kinga. Kila mashine yenye cheche hupiga kelele ambayo sikio halisikii lakini redio inasikia. Lori kuukuu likipita, redio inakaanga kama samaki. Fundi wa kuchomelea vyuma akianza kazi jirani, taarifa ya habari inamezwa yote. Kwa mtu anayesikiliza taarabu hiyo ni kero tu. Kwa zahanati ya bara yenye simu ya upepo, yaani redio ya kuzungumzia, na isiyo na njia nyingine ya kuita gari la wagonjwa, ni jambo lingine kabisa.

Karakana yetu ilikuwa uani kwa duka la vipuri la Bwana Kanji. Yeye hakuingia humo ila kuuliza kwa nini taa inawaka mchana. Tulitengeneza simu za upepo za zahanati, za mahoteli na za mashamba, kuanzia Tezo hadi Adu, na tulikuwa mafundi wawili tu, Lali na mimi. Lali alikuwa mtu wa visiwa vya kaskazini, wa ukoo wa mabaharia, naye mwenyewe aliwahi kushika redio melini kabla ya kuoa na kutulia mjini. Alikuwa mwembamba, kofia yake ya kazini ina alama za moto wa lehemu, na miwani yake aliifunga kwa uzi wa kuvulia. Akiridhika na kazi yangu aliniita mwanangu. Asiporidhika aliniita Bi. Cheti. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa Bi. Cheti.

Alinifundisha vitu vya kukingia kama mama anavyomfundisha binti viungo vya pilau, kwa kumshikisha na kumnusisha. Shaba nyekundu ndiyo bora kuliko zote, tena ndiyo inayoibwa kuliko zote. Ukiifunga nje mwanzo wa wiki, katikati ya wiki iko kwenye mkono wa mtu, bangili ya kutibu baridi yabisi. Alumini ni nyepesi na haina makuu, ila haikubali lehemu, na ukiiweka karibu na shaba penye hewa ya chumvi, inaliwa ikabaki unga mweupe. Bati ni la kila siku, lina nguvu, ila pale ulipolikata ndipo kutu inapoanzia. Kipenzi chake kilikuwa wavu wa mbu wa shaba ya manjano, ule uliokuwa madirishani katika nyumba za zamani za kizungu. Tundu zake ni ndogo, hewa inapita na kelele haipiti. Nyumba kama hizo zilipobomolewa kujengwa mahoteli, Lali alifika kabla ya punda wa kubeba kifusi. Tuliuosha wavu kwa ndimu na majivu mpaka ukang'aa, na mikono yangu ikanuka ndimu hata nikila.

Adui yetu mkubwa alikuwa chumvi. Hapa pwani chumvi iko ndani ya hewa yenyewe, inaingia kabatini, inaingia kwenye kufuli, inaingia ndani ya redio iliyofungwa. Lali alikuwa na dawa moja tu. "Pwani hii chuma kisichopakwa ni maiti," alikuwa akisema, na alipaka kila kitu: bolti za milingoti, sanduku la vifaa, hata kopo lake la tumbaku. Kwao chombo kisichopakwa sifa, yale mafuta ya papa, hakimalizi msimu, na mtoto hujua kupaka kabla hajajua kusoma. Mimi chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba kasha la kukinga ni kasha pale tu mabati yake yote yanapogusana, chuma kwa chuma, umeme upite kutoka bati hili hadi lile bila kizuizi. Rangi ikikaa katikati ya mabati mawili, hapo pana dirisha, hata kama jicho linaona ukuta. Jambo hili tulibishana miaka, kwa adabu, kila mmoja akimsubiri mwenzake azeeke aache. Ukweli ni kwamba sote wawili tulikuwa na haki. Chuo kilinifundisha kila kitu isipokuwa chumvi.

Sasa nifike kwenye kazi ile.

Hospitali moja kando ya barabara kuu, ambayo jina lake naliacha lilipo, ilinunua jenereta ya petroli, kwa kuwa umeme siku zile ulikuwa ukija na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Wakaitafutia mahali penye kivuli, na mahali penye kivuli pakawa nyuma ya chumba cha simu ya upepo, ukuta kwa ukuta. Siku ya kwanza ilipowashwa, karani wa simu alikuja Malindi mwenyewe, ametoa macho. Zahanati zilizo karibu alizisikia kwa taabu. Zile za mbali, zenye sauti ndogo, hakuzisikia kabisa. Wao walimsikia yeye vizuri sana, kwa sababu huko kwao hakukuwa na jenereta. Hili ndilo jambo ninalotaka mlishike: kelele humziba masikio aliye karibu nayo tu, na yule wa mbali hana habari.

Tukawajengea kibanda cha kuifunika jenereta ile. Chini mabati, juu wavu wetu wa shaba ili injini ipumue, mlango wenye vipande vya shaba vya kubana kwenye fremu, waya mnene wa shaba kwenda kwenye fimbo iliyozikwa ardhini, na kondensa za kumeza kelele kwenye nyaya zote zinazotoka. Maungio yote niliomba yaachwe wazi, bila rangi. Lali alikunja uso, lakini safari ile akanikubalia. "Haya, Bi. Cheti, tutaona." Tulipowasha jenereta, karani akavaa vifaa vyake vya masikioni, akatulia, kisha akacheka peke yake. Palikuwa kimya. Alisikia hadi jogoo wa zahanati ya Adu. Lali aliniita mwanangu mbele ya watu, na sijui kama niliwahi kuwa na furaha kazini kuzidi siku ile.

Furaha ile haikudumu. Upepo wa kusi ulipoanza kupuliza, maungio yangu yaliyo wazi yakaota kutu ya kijani, na kelele ikaanza kurudi kidogo kidogo, kwanza kama mchanga, halafu kama mvua. Tukaenda na msasa tukasugua, ikatulia. Tukaenda tena. Kila safari kutu ilirudi mapema zaidi, na kila safari Lali alikuwa akiyatazama maungio, kisha ananitazama mimi.

Halafu mimi nikapelekwa Adu kusimamisha mlingoti mpya, nikakaa huko. Lali akaenda hospitali peke yake na mikebe ya rangi ya mafuta. Alikifungua kibanda chote bati kwa bati, akasugua kutu yote, akapaka kila bati ndani na nje, kwenye kingo, chini ya bolti, hata pale mlango unapobana, akakirudisha kama kilivyokuwa. Rangi ilikuwa mbichi, jenereta haikuweza kuwashwa humo kwa hofu ya moto, na umeme wa kawaida ulikuwepo, hivyo simu ilisikika safi. Akafunga kibanda, akamwachia karani ufunguo mmoja, wa pili akautia mfukoni, akapanda gari kurudi. Niliporudi kutoka Adu aliniambia, "Ile kazi nimeimaliza. Haitashika kutu hadi Kiyama." Nikajua kwamba mabishano yetu yamekwisha na mimi ndiye niliyeshindwa. Nilidhani amepaka kwa nje.

Umeme ukawa mzuri kwa majuma kadhaa, na jenereta ikakaa bila kazi. Kisha ikaja siku ambayo ulikatika tangu alfajiri.

Nje kidogo ya Vitengeni palikuwa na zahanati ndogo ya kanisa, na muuguzi wake pekee aliitwa Jumwa. Watu walimwita Sista, ingawa hakuwa mtawa, ni heshima tu. Nilimfahamu tangu nilipomfungia simu yake, mwanamke mrefu, mcheshi, aliyenifundisha kupika mchicha kwa nazi bila kuutia maji. Asubuhi ile aliletewa mama mjamzito, mke wa mtu aitwaye Kazungu, mtoto amelala vibaya tumboni na damu inatoka. Kazi ile ilikuwa ya hospitali. Jumwa akamtuma Kazungu kwa baiskeli akatafute gari lolote senta, naye akashika simu ya upepo kuita gari la wagonjwa. Aliita asubuhi nzima. Gari la Kazungu lilipatikana alasiri, pikapu iliyokuwa imebeba makaa. Yule mama alifariki kabla ya kufika lami, na mtoto pamoja naye.

Hospitali ilisema haikuitwa. Karani aliapa, na alikuwa mkweli, kwamba aliita Vitengeni mara kadhaa na Vitengeni haikujibu. Mama mkwe wa marehemu alisema Sista alikuwa akisema na chuma, lakini yeye mwenyewe hakujua chuma kile kinasemeshwa vipi. Mtaani pakaenea kwamba Jumwa ameacha betri ikafa kwa uvivu, kisha akajifanya anaita ili watu wamwone. Kamati ya hospitali ikaitisha kikao cha kumwachisha kazi, na kabla ya kikao nikatumwa mimi nikaikague simu ya Vitengeni.

Nilimkuta kwenye benchi la wagonjwa, peke yake. Nikamsalimu, akanijibu, akasogea nikae.

"Leo huna wagonjwa?" nikamwuliza.

"Wapo. Wanapita hapo njiani wanakwenda kwa mganga. Wakinipita wananiamkia, adabu hawajaacha."

Nikaingia ndani nikafanya kazi yangu. Betri ilikuwa imejaa. Eriali ilikuwa imara, kamba zake zimekazwa. Nikaita hospitali, na karani akanijibu papo hapo, sauti yake kubwa kana kwamba yuko chumba cha pili. Jumwa alikuwa amesimama mlangoni.

"Iko sawa?"

"Iko sawa."

"Haina hata kasoro ndogo?"

"Haina."

Akaketi juu ya kitanda cha wagonjwa. "Basi umenimaliza, Kadzo. Bora ungeikuta imekufa."

Alisema kweli. Simu nzima maana yake hakuita. Nilisimama na bisibisi mkononi, na kwa kuwa sikuweza kuondoka nikimwacha hivyo, nikamwomba anieleze siku ile alisikia nini.

"Nilimsikia karani vizuri, tena vizuri sana. Alikuwa anaita zahanati moja moja. Alipofika kwetu nikamjibu. Akaita tena, nikamjibu tena. Akasema, 'Vitengeni haipo hewani,' akaendelea na Adu. Nikapiga kelele. Huyu mama wa watu analia nyuma yangu, nguo imelowa, mimi nimeshika maikrofoni, na naambiwa sipo."

"Karani alikuwa anasema vipi? Kama anavyosema siku zote?"

Akafikiri. "Alikuwa anapaza sauti. Kama mtu aliye sokoni."

Mtu hupaza sauti pale masikio yake yanapojaa kelele. Nilikusanya vifaa vyangu. Njia nzima ya vumbi kurudi lami nilikuwa naomba niwe nimekosea.

Hospitalini karani alinithibitishia kwamba siku ile jenereta ilifanya kazi tangu asubuhi hadi jioni. Na ndiyo, kelele zilikuwepo, alisema, lakini alidhani ni radi ya mbali, maana kibanda kilikuwa kimetoka kutengenezwa. Nikaenda nyuma nikakitazama. Kilikuwa kizuri. Sina budi kusema hivyo, kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote tulichowahi kutengeneza, rangi ya kijivu laini, haina tone lililochuruzika, kila kichwa cha bolti kimepakwa kwa subira. Nikagusisha mita bati hili na bati la pili, pale nilipopakwaruza kidogo kwa msumari. Mshale haukutikisika. Mabati yale yalikuwa majirani wasiosemeshana. Nikagusa waya wa ardhini chini ya bolti yake, nao ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Tulikuwa tumeifungia jenereta ndani ya sanduku lenye madirisha pande zote, na madirisha yale hayaonekani kwa macho.

Nilimkuta Lali karakanani anakunywa kahawa.

"Fundi, shikamoo. Kile kibanda ulikipaka mpaka kwenye maungio?"

"Marahaba. Mimi nikipaka napaka, mwanangu. Sipaki nusu."

Nikamweleza. Sikumweleza kwa hasira, ingawa hasira nilikuwa nayo, tena nyingi. Aliweka kikombe chini. Akauliza siku ile umeme ulikatika saa ngapi, nikamwambia ulikatika alfajiri. Akauliza kama jenereta iliwashwa, nikamwambia iliwashwa. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

"Nani mwingine ajua?"

"Mimi na wewe."

Nilikuwa naogopa neno litakalofuata. Ufunguo wake wa kibanda ulikuwa mfukoni mwake. Msasa kidogo na alasiri moja tulivu, na jambo lile lingekuwa halijatokea, kikao kingekuta kibanda kinachofanya kazi, na Jumwa angebaki na uvivu wake wa kusingiziwa mpaka kufa. Heshima ya Lali katika pwani hii ilikuwa kazi yake. Hakuwa na shamba, hakuwa na nyumba ya kupangisha, alikuwa na jina tu: Fundi Lali hakosei.

"Usikiguse," akasema mwishowe. "Nami sikigusi. Siku ya kikao twende sote."

Bwana Kanji alipoambiwa, alimwuliza kama amepatwa na wazimu. Lali akamjibu kwamba hapana, amepatwa na jambo lingine.

Kwenye kikao walikuwepo daktari mkuu, wazee wa kamati, karani, na Kazungu, aliyekaa karibu na mlango amevaa koti ambalo halikuwa lake. Jumwa hakuitwa, kwa kuwa zahanati haikuwa na mtu mwingine wa kumshikia zamu. Angefukuzwa akiwa huko huko, anachoma watu sindano. Nilikuwa nimesema naye hewani jana yake, umeme ukiwepo, nikamwambia kesho kikao kikianza aite hospitali, na aendelee kuita hata kama hajibiwi.

"Hiyo naijua," alinijibu.

Lali aliomba ruhusa kabla ya kikao kufunguliwa. Alikuwa amevaa kanzu, kama mtu anayekwenda msikitini Ijumaa, na mkononi ana mfuko wake wa vifaa. "Daktari," akasema, "kabla hamjamhukumu mtoto wa watu, naomba umeme uzimwe, jenereta iwashwe, kisha muingie nyote chumba cha simu."

Wakaingia, wakisukumana, maana chumba kilikuwa kidogo. Karani akafungua spika ili wote wasikie. Kilichotoka kilikuwa mkaango mtupu, mkali, usio na pumzi, mpaka mzee mmoja akaziba masikio. Karani akaita Vitengeni, akipaza sauti. Mkaango. Akaita tena. Akageuka kumtazama daktari, akasema neno lile lile alilolisema siku ile, "Vitengeni haipo hewani."

"Ipo," Lali akasema. "Anaita sasa hivi. Anakujibu kila ukimwita. Ni mimi niliyemziba. Kile kibanda nilikipaka rangi mahali ambapo hapafai kupakwa, na huyu binti aliwahi kuniambia, nikamwona hajui chumvi. Muuguzi wenu hana kosa. Kosa ni langu."

Daktari akasema, kwa upole lakini kama mtu asiyetaka kudanganywa, kwamba maneno hayatoshi, na Lali akajibu kwamba anajua.

Akatoka nje, akavua kanzu akaitundika kwenye mti wa mwarobaini, akabaki na msuli kiunoni na fulana. Jenereta ilizimwa ili afanye kazi. Alianza kwenye mlango, kwa kisu, kisha tupa, kisha msasa, akiikwangua rangi yake mwenyewe kutoka kwenye kingo. Mimi nikafungua bolti za upande unaotazama chumba cha simu. Rangi ilikuwa imeshika vizuri mno. Ilitoka kwa vipande virefu vilivyojikunja, na chini yake bati lilikuwa safi kama siku lilipotoka dukani, maana kweli ile kazi isingeshika kutu. Wazee wa kamati walisimama kivulini. Baadhi walinung'unika kwamba chakula cha mchana kinapoa.

Sikumwona Kazungu alipokuja. Nilipoinua kichwa alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa Lali, ameweka koti chini, amechukua kipande cha msasa mfukoni mwa vifaa na anasugua. Hakujua asugue wapi. Lali alimtazama kitambo, kisha akamshika mkono, akauweka kwenye ungio. "Hapa, mwanangu. Mpaka pang'ae." Wakafanya kazi hivyo, bega kwa bega.

Tulipofunga bolti zote na kukaza waya wa ardhini juu ya chuma kitupu, nikavuta kamba ya jenereta. Ikanguruma. Watu wakarudi chumbani. Mkaango ulikuwepo bado, lakini umeshuka, unasikika kwa mbali kama mvua ya mtaa wa pili. Na ndani yake, ndogo lakini wazi, sauti ya mwanamke aliyechoka:

"...Vitengeni, Vitengeni hapa. Hospitali, mnanipata? Vitengeni hapa. Mnanipata?"

Haikuwa sauti ya mtu aliyeanza kuita sasa. Ilikuwa imekauka. Mzee aliyekuwa akinung'unikia chakula alivua kofia yake. Daktari alimwashiria karani amjibu, na karani alishika maikrofoni akasema maneno ya kila siku, kwa kuwa hakuwa na mengine.

"Vitengeni, tunakupata vizuri. Toa ujumbe wako."

Pakawa kimya, kimya kile tulichokuwa tumekitafuta miaka yote kwa shaba na bati na karatasi za makasha ya chai. Nilidhani tumempoteza tena. Kisha akasema:

"Sina ujumbe. Ujumbe ulikuwa wa siku ile."

Kazungu alitoka nje. Daktari alisema kikao hakina tena mtu wa kumjadili, na Jumwa aendelee na kazi yake, nao wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana. Nilipokwenda nyuma kukusanya vifaa nilimkuta Lali amepiga magoti kwenye majani, anaokota vipande vya rangi, kimoja kimoja, hadi viganja vyote viwili vikajaa. Alisimama navyo akinitazama. Tangu niingie karakana ile yeye ndiye aliyejua kila kitu kinawekwa wapi.

"Mwanangu," akaniuliza, "hivi nikavitupe wapi?"